Shujaa wa kitabu ananitia hasira, na sheria za Texas zinaninyima usingizi

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 36, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa tisa naishi Texas. Mwaka jana niliapa nikawa raia wa Marekani. Mume wangu bado ana kadi ya kijani. Tuna mabinti wawili, mmoja wa miaka 11 na mwingine wa miaka 7. Mume wangu anasema ninalokuandikia ni jambo la kipuuzi, ugomvi wa kitabu tu. Mimi limenikosesha raha, wiki ya tatu sasa.

Tuko wanawake wanane: Watanzania, Wakenya na Wakongo wawili. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana kujadili kitabu. Tunasoma kwa Kiingereza, tunabishana kwa Kiswahili. Mwezi huu kitabu kimechaguliwa na rafiki yangu mkubwa, nimwite N., ambaye ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege siku ya kwanza na kunilaza kwake miezi minne. Kitabu ni Lord Foul's Bane cha Stephen Donaldson, riwaya ya fantasia ya mwaka 1977, ya kwanza katika mfululizo. Zamu ya kuongoza mjadala ni yangu.

Kwa ambao hawajakisoma: mhusika mkuu anaitwa Thomas Covenant. Ni mwandishi aliyepata ukoma, akakatwa vidole viwili vya mkono wa kulia, mkewe akaondoka na mtoto, na watu wa mji wake hawataki kumwona. Ghafla anajikuta kwenye ulimwengu mwingine. Binti wa miaka 16, Lena, anamkuta huko, anampaka udongo wa ajabu unaoponya majeraha, anampeleka kwao. Ganzi inamtoka, mwili unarudi kuwa na hisia. Na katika sura ya saba mtu huyo anambaka yule binti aliyemponya.

Nilifunga kitabu hapohapo. Wenzangu waliotangulia wananiambia Lena anapata mimba na kuzaa, na bwana yule anaendelea kuwa ndiye tunayemfuata kurasa mamia.

Shangazi, mimi si mtoto, nimesoma vitabu vizito. Kilichonichoma ni kwamba naishi kwenye jimbo ambalo binti akibakwa leo na kushika mimba, sheria haimpi njia ya kuitoa. Nikimwangalia mwanangu wa miaka 11 anafanya kazi za shule mezani, namwona Lena.

Usiku ule, kama saa sita, nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Anayempenda mwanamume huyu hana tofauti na waliopitisha sheria za Texas." N. alisoma, hakujibu, na mpaka leo hajanipigia. Mama mmoja wa kanisani akaandika, "Siasa tuziache mlangoni jamani." Sasa najua yeye yuko upande gani. Waliobaki kimya.

N. aliwahi kunisimulia kwamba alikisoma kitabu hiki akiwa mwanafunzi, alipolazwa kwa kifua kikuu. Watu waliogopa hata kumpelekea chakula, na kitabu ndicho kilichomvusha. Sielewi mwanamke anavushwaje na mbakaji.

Usiku silali, nasoma habari za mahakama na bunge mpaka saa nane. Majimbo mengine watu wamepiga kura juu ya jambo hili, sisi hatupewi hata karatasi. Mume wangu ananiambia uraia wa juzi usinitie maneno mdomoni, tulikuja kutafuta maisha.

Nijitoe kwenye kundi? Niongoze mjadala nimwage yote yaliyo moyoni? Na je, nikimalize kitabu ninachokichukia?

Aliyefunga kitabu, Texas

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa usiku hizo za saa nane.

Umeniuliza maswali matatu, lakini barua yako ina hasira nne zilizofungwa kwenye kanga moja. Unamkasirikia Covenant, unamkasirikia mwandishi aliyemfanya shujaa, unamkasirikia N. kwa kukileta kitabu, na unalikasirikia bunge la Texas. Zote zina sababu. Ila ujumbe wa usiku ule ulizituma zote kwa mtu mmoja, na mtu mwenyewe ndiye aliyekulaza kwake miezi minne.

Tuanze na Covenant. Kumchukia si kusoma vibaya. Mwandishi hakumuumba apendwe. Ukoma unaua neva, mtu anaungua au kujikata bila kuhisi, na kidonda kisichohisiwa ndicho kinachoondoka na kidole. Kwa hiyo Covenant amefundishwa kujikagua mwili mzima kila mara, kama mtu anayetafuta kupe. Baba yake Donaldson alikuwa daktari aliyetibu wagonjwa wa ukoma India, na kurasa za mwanzo zinaonyesha ujuzi huo. Kumbuka pia kwamba tiba ya mchanganyiko wa dawa inayoponya ukoma leo ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, miaka minne baada ya kitabu kutoka. Covenant anaishi kwa kanuni moja: usiamini kwamba utapona, maana siku ukiamini utaacha kujikagua, na ukiacha utakufa. Ndiyo maana ulimwengu ule wa uponyaji anauita ndoto na kujiita Asiyeamini. Na mtu anayejiambia kwamba yuko ndotoni anajiambia pia kwamba hakuna anayeumia.

Hayo yanaeleza jinsi alivyofika pale. Hayampunguzii kosa, na kitabu chenyewe hakidai kwamba yanampunguzia.

Mahali ambapo hasira yako ina hoja ya kifasihi, tena nzito, ni kwa Lena. Msimulizi hukaa ndani ya kichwa cha Covenant karibu kitabu kizima. Baada ya tendo lile maumivu ya Lena tunayapata kwa kupitia wengine, hasa mama yake, Atiaran, ambaye analazimika kumwongoza mtu huyohuyo safari ndefu kwa sababu amebeba ujumbe wa kuokoa nchi yao. Mbele zaidi, nisamehe nikikufichulia, Covenant anajaribu kulipa. Anawaagiza farasi wa ajabu wa nchi ile, Ranyhyn, mmoja wao awe anamtembelea Lena kila mwaka. Fidia ya farasi! Na mtoto aliyezaliwa, Elena, katika kitabu cha pili ndiye kiongozi mkuu wa nchi, kwa kuwa kule imepita miaka 40. Mimba ya kubakwa inageuka kuwa neema ya hadithi. Wapo wanaosema mwandishi amemtumia Lena kama ngazi ya majuto ya mwanamume. Wapo wanaosema kinyume, kwamba karibu kila ovu linalofuata linatokana na usiku ule, na kwamba kitabu hakimwachi Covenant wala msomaji asahau. Mimi naona wa kwanza wana hoja nzuri zaidi wakizungumzia kitabu cha kwanza pekee, na wa pili wanapata nguvu kadiri mfululizo unavyosonga. Unaweza kukataa hoja zote mbili.

Tazama na tarehe. Kitabu kilitoka 1977. Hukumu ya Roe, iliyowapa wanawake wa Marekani haki ya kutoa mimba, na ambayo kesi yake ilianzia Dallas, hukohuko Texas, ilitolewa tarehe 22 Januari 1973. Msomaji wa Kimarekani aliyekishika kikiwa kipya alisoma habari za Lena akiwa na haki ambayo Lena hakuwa nayo. Wewe unakisoma baada ya tarehe 24 Juni 2022, Roe ilipofutwa, na baada ya 25 Agosti mwaka huohuo, Texas ilipoanza kutumia katazo ambalo adhabu yake kwa anayemtoa mwanamke mimba, si kwa mwanamke mwenyewe, inafika kifungo cha maisha. Msamaha upo kwa maisha ya mama yaliyo hatarini au madhara makubwa ya kiungo. Kwa kubakwa haupo. Kurasa ni zilezile, ila wewe umezisoma ukiwa na binti mezani. Hilo ni jambo la kusema kwenye mjadala, tena kwa sauti.

Sasa N. Umeandika mwenyewe jibu la swali lako, ukalipita. Unauliza mwanamke anavushwaje na mbakaji, na mstari uliotangulia umesema alikuwa amelazwa na kifua kikuu, watu wakiogopa kumpelekea chakula. Vijidudu vya kifua kikuu na vya ukoma ni vya ukoo mmoja, na woga wa watu unafanana pia. Rudi sura za mwanzo: watu wa mji wanamlipia Covenant bili zake kimyakimya ili asipate sababu ya kukanyaga mjini, naye anakwenda kwa miguu, kwa ukaidi, kulipa bili ya simu kwa mkono wake. Inawezekana msichana aliyelala wodini peke yake alishikilia kurasa hizo, akazipita za sura ya saba haraka kama anayevuka barabara. Inawezekana pia sivyo. Mwenye kujua ni yeye, nawe hujamuuliza.

Mpigie. Usiandike, maana ujumbe ndio ulioharibu. Muda wa kuufuta kwa watu wote umeshapita, kwa hiyo usihangaike nao. Ukishaongea na N., weka mstari mmoja kundini kwamba ulikosea kuwahukumu wenzako. Kwenye simu, omba radhi kwa kitu kimoja tu, kwa mfano: "Nilikufananisha na watu ambao hufanani nao, nisamehe." Kisha nyamaza. Watu wengi huharibu hapa kwa kuongeza "lakini" na kuanza kesi upya. Hujatakiwa kumpenda Covenant ili upatane na rafiki yako.

Kuhusu yule mama wa kanisani, umesema sasa unajua yuko upande gani. Unajuaje? Alichosema ni kwamba siasa zibaki mlangoni. Huenda anaiunga mkono sheria. Huenda pia mada hiyo ina mahali inapomgusa ambapo hataki paguswe na watu saba kwa pamoja. Halafu kila mmoja wenu amekuja na sheria ya kwao kichwani. Kenya, katiba ya 2010, ibara ya 26, inakataza kutoa mimba ila kwa dharura au pale maisha au afya ya mama iko hatarini kwa maoni ya mtaalamu wa afya. Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, mwaka 2007, ambayo inataja wazi mimba ya kubakwa, ilhali kanuni yetu ya adhabu bado inahesabu kutoa mimba kuwa jinai. Kongo iliitangaza itifaki hiyohiyo kwenye gazeti la serikali mwaka 2018. Mkikaa wanane mezani mnakaa na nchi tatu pamoja na Texas, na neno "siasa" kila mtu analisikia kwa sikio lake.

Kujitoa kundini unaweza, ni haki yako. Ila ukitoka wiki hii, kabla ya kuongea na N., utakuwa umeacha ule ujumbe wa usiku uwe neno lako la mwisho kwao. Kama bado unataka kutoka baada ya Jumamosi, toka kwa amani.

Kukimaliza kitabu si lazima. Kuna njia ya katikati: soma tena sura za mwanzo mpaka ya saba, kisha zile za safari na Atiaran, halafu useme wazi mtakapokutana kwamba uliishia hapo. Kiongozi wa mjadala aliyesema ukweli kuhusu kurasa alizoruka anaaminika kuliko anayejifanya. Kama hata hizo huziwezi, mpe zamu mwingine, ila mwambie walau wiki moja kabla, si asubuhi yake.

Ukiongoza, usianze na "mnamwonaje Covenant?" Swali hilo litamweka N. kizimbani dakika ya kwanza. Andaa saa moja na nusu. Siku tatu kabla, tuma taarifa fupi kwamba sura ya saba ina ubakaji na kwamba anayetaka kuchelewa au kutoka nje wakati wa sehemu hiyo hataulizwa. Usimwombe mtu yeyote asimulie yaliyompata. Katika wanawake wanane hujui nani ameyapitia. Anza na mzunguko wa dakika tatu kwa kila mtu, jumla 24, bila kukatizana: ulisimama ukurasa gani, na kwa nini pale? Kila mtu ashike ukurasa, si tabia ya mwenzake. Baada ya hapo leta farasi. Uliza: fidia ile ilikuwa ya nani, na Lena aliulizwa lini anataka nini? Nakuhakikishia kwamba swali hilo litafika Texas lenyewe bila wewe kulisukuma, na atakayelifikisha huenda asiwe wewe. Likifika, acha dakika 20 za mwisho kwa ajili yake, na anayetaka kuondoka aondoke.

Hatari ya kumwaga yote ni hii: utapumua siku moja, na kesho yake kundi litagawanyika mara mbili, wanaokuogopa na wanaokushangilia. Hatari ya kunyamaza kabisa ni kwamba utakaa pale ukitabasamu huku unachemka, na litakutoka siku nyingine kwa jambo dogo.

Tahadhari moja ya sheria, ichukue kwa uzito. Chini ya sheria iliyoanza tarehe 1 Septemba 2021, mtu binafsi yeyote anaweza kumshtaki aliyesaidia mimba kutolewa Texas na kudai si chini ya dola 10,000. Mwanamke mwenye mimba hashtakiwi. Kwa hiyo kwenye WhatsApp jadilini kitabu na sheria kadiri mtakavyo, lakini habari za nani alikwenda wapi na nani alimpeleka zisiandikwe kamwe, hata kwa mzaha.

Na binti yako. Hofu hupungua kidogo ikipewa kazi, basi jua yaliyobaki wazi. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba havijakatazwa Texas. Aina ya levonogestreli huuzwa dukani bila cheti cha daktari, na kadiri inavyomezwa mapema ndani ya saa 72 ndivyo inavyofanya kazi vizuri zaidi. Aina ya yulipristali inahitaji cheti na hufika saa 120. Vinachelewesha yai kutoka, haviondoi mimba iliyokwisha kutunga. Aliyebakwa anaweza kwenda hospitali kuchukuliwa ushahidi ndani ya saa 120, na asioge wala kufua nguo kabla ya kufika. Weka hayo kwenye daftari, ukaribu wa mkono.

Kuhusu karatasi ya kura ambayo hampewi, uko sahihi. Kansas, Agosti 2022, wapiga kura asilimia 59 hivi walikataa kuiondoa haki hiyo kwenye katiba yao. Ohio, Novemba 2023, karibu asilimia 57 waliiingiza kwenye katiba kwa hoja iliyoanzishwa na wananchi wenyewe. Texas wananchi hawana uwezo wa kuanzisha hoja kama hiyo. Badiliko la katiba lazima lipite kwanza kwa theluthi mbili za kila baraza, yaani wabunge 100 kati ya 150 na maseneta 21 kati ya 31. Kwa hiyo nguvu yako haiko kwenye habari za saa nane za usiku, iko kwenye nani anakaa viti hivyo. Jiandikishe angalau siku 30 kabla ya uchaguzi. Texas haina uandikishaji wa jumla wa mtandaoni, hivyo jaza fomu ya karatasi, itie sahihi kwa wino, uitume kwa posta. Piga kura ya mchujo ya Machi katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Texas unachagua siku hiyohiyo mchujo wa chama kipi uingie, na maeneo mengi mshindi hupatikana hapo, Novemba ni kukamilisha tu. Bunge hukaa siku 140, kuanzia Januari ya miaka isiyogawanyika kwa mbili. Kamati zinapokaa, mkazi anaweza kujiandikisha na kuzungumza, kwa kawaida dakika mbili au tatu. Dakika tatu ni kama maneno 350 ya Kiingereza. Yaandike, yasome kwa saa, kata.

Mumeo asijiandikishe wala kupiga kura hata kwa bahati mbaya, kwa mwenye kadi ya kijani ni kosa linaloweza kumfukuzisha nchini. Labda woga wake una mizizi hapo kuliko kwenye dharau. Mweleze kwamba utakwenda wewe, kwa jina lako, na yeye hataguswa. Umuulize pia anaogopa nini hasa, maana barua yako imenipa kauli yake moja tu.

Simu, kuanzia saa nne usiku, ilale jikoni. Habari za mahakama zitakuwepo asubuhi.

Mpigie N. kwanza, kabla ya yote haya. Muulize habari za wodi, si za kitabu. Na Jumamosi mkifika kwenye wale farasi, niandikie. Nataka kujua yule mama wa kanisani alisema nini.

Wako, Shangazi